Zig Wamehepa GitHub: Wewe na Repo Yako Mnakaa kwa Ploti ya Nani?

Kama hukuwa rada, tarehe 26 Novemba 2025 kulitokea ngori kwa mtaa wa madevelopa. Andrew Kelley, jamaa aliyeanzisha lugha ya programu ya Zig, alitangaza kwamba mradi wao umefunga virago GitHub na kuhamia Codeberg. Hakuaga kwa upole. Aliwachana wazi: ubora umeshuka, ile mitambo ya kujaribu programu inayoitwa Actions inakwama hovyo, hitilafu zinaripotiwa na kukaa tu bila mtu kuzigusa, na kampuni nzima imeshikwa na homa ya AI. Baadaye kidogo wasee wa Gentoo, mfumo wa Linux wa tangu kitambo, nao wakasema wanapanga kupeleka nakala zao huko huko Codeberg, juu wamechoka kusukumiwa Copilot.

Wengine mtasema hiyo ni drama ya wazungu walio na wakati. Lakini cheki simu yako. Karibu kila apu iliyo humo imejengwa juu ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuukopi na kuurekebisha. Na kama wewe ni mmoja wa wale wanajifunza kuandika programu usiku na bando za bei ya usiku, kazi yako yote iko kwa seva ya mtu mahali. Huyo mtu ni nani, na siku akikugeuka utatoka na nini?

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huchanganya kila siku. Git ni chombo. Inakaa kwa laptop yako, inaweka historia ya kila badiliko ulilofanya, nani alifanya na lini. GitHub ni ploti. Ni mahali unapopeleka ile kazi ya Git ndio wengine waione, waichangie, waripoti ikiharibika. Unaweza kutumia Git miaka kumi bila kufungua akaunti ya GitHub. Ni kama kuwa na vyombo vyako vya nyumba: kitanda ni chako, ukuta ni wa lando.

Na cha kuchekesha ni kwamba Git yenyewe ilizaliwa na ugomvi wa lando. Kuanzia 2002, wasee wa Linux walikuwa wakitunza msimbo wao na chombo kinaitwa BitKeeper. Kilikuwa mali ya kampuni ya Larry McVoy, lakini aliwapa watumie bure, mradi wafuate masharti yake. Watu wengine waliguna tangu mwanzo: vipi mradi mkubwa zaidi wa programu huria duniani unategemea kitu kilichofungwa? Linus Torvalds hakujali sana, kazi ilikuwa inasonga. Halafu Andrew Tridgell, yule wa Samba, akaandika kaprogramu ka kuongea na seva za BitKeeper. McVoy akaona amechezewa, na 2005 akaondoa ile leseni ya bure. Linux nzima ikajikuta nje na vyombo kwa barabara.

Linus hakutafuta ploti ingine. Mapema Aprili 2005 alikaa chini akaanza kuandika Git, na ndani ya siku chache tu Git ilikuwa inatunza msimbo wake yenyewe. Kufika Juni, toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa limetunzwa kwa Git. Na aliitengeneza kwa hasira ya mtu aliyefukuzwa: kila nakala ya mradi ni mradi mzima, na historia yote ndani. Hakuna seva moja iliyo mfalme. Lando akifunga geti saa nane usiku, kila mpangaji tayari ana nyumba yote kwa mkoba.

Hapo ndipo watu hujituliza roho. "Sina shida, msimbo wangu niko nao kwa laptop." Ni kweli, lakini ni nusu ya stori.

Unahama na kitanda, majirani wanabaki

Mradi wa programu huria si msimbo pekee. Kuna zile tiketi ambazo watu wamefungua wakisema hapa panaharibika, na mabishano ya miaka mitatu chini ya kila tiketi yakieleza kwa nini kitu fulani kilifanywa hivyo na si vingine. Kuna maombi ya mabadiliko yaliyotumwa na wageni. Kuna nyota, ambazo wakubwa hudharau lakini kijana anayetafuta kazi anazihesabu kila asubuhi. Kuna mitambo ya kujaribu msimbo kila ukibadilishwa. Kuna wale wanaokutumia kitu kidogo kila mwezi kupitia kitufe cha ufadhili. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinakaa ndani ya Git. Vyote viko kwa databesi ya lando.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikitokea mbele ya macho, rudi Januari 31, 2017, GitLab. Msee wa zamu, usiku umeenda, mtambo umelemewa, anajaribu kurekebisha. Akafuta folda ya databesi kwa seva ambayo siyo. Alipogundua na kukanyaga breki, katika karibu GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakakimbilia bakapu, na njia walizodhani wanazo zikawa moja haifanyi kazi, ingine haikuwahi kuwashwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla, kwa shughuli tofauti kabisa. Kwa sifa yao, hawakuficha. Walirusha kazi ya kurekebisha moja kwa moja YouTube, dunia nzima ikiangalia.

Kilichopotea ni tiketi, maoni, akaunti mpya na miradi iliyosajiliwa ndani ya zile saa sita. Msimbo wenyewe uliokuwa kwa repo haukuguswa.

Mimi nadhani hiyo ndiyo picha mtu anafaa kukaa nayo akichagua jukwaa. Mabishano mengi ya mtandaoni ni ya rangi ya mlango: hii ina kitufe kizuri, ile inapakia polepole. Swali la maana ni nini kinabaki nyuma siku ya kuhama, na siku hiyo huja. Si ukali, ni historia.

SourceForge ilifunguliwa 1999 na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mji mkuu wa programu huria. Pesa zikapungua, wakaanza kufunga programu za watu pamoja na matangazo. GIMP, ile programu ya kuhariri picha, walihama 2013 juu ya hayo mambo. Mwaka wa 2015 ikagunduliwa kwamba SourceForge imechukua ile akaunti waliyoiacha na inagawa GIMP ya Windows ikiwa imevikwa matangazo. Fikiria umehama keja, halafu unasikia lando anauza chapati hapo kwa jina lako. Wamiliki wapya walioingia 2016 waliusimamisha huo mchezo, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

Google Code ilianza 2006, ikafungwa kabisa Januari 2016. Ya Google, na bado ilifungwa. Bitbucket nao, mwaka wa 2020, waliondoa repo zote za Mercurial, ambayo ni chombo mpinzani wa Git na ndiyo Bitbucket ilijengewa jina nayo. Nyingi ziliokolewa na Software Heritage, mradi wa Ufaransa ambao kazi yake ni kuhifadhi msimbo wa dunia, la sivyo zingekuwa zimeenda na maji.

Sasa GitHub. Ilianza 2008, na 2018 Microsoft wakainunua kwa dola bilioni 7.5. Wakati huo watu walitoroka kwa fujo kwenda GitLab, wiki moja hivi ya kelele, halafu wengi wakatulia. Na kusema ukweli, Microsoft hawakuiharibu mara moja. Mwaka wa 2020 walifanya repo za siri kuwa bure hata kwa timu. Waliiacha na mkurugenzi wake na mambo yake. Lakini Agosti 2025 mkurugenzi huyo, Thomas Dohmke, alitangaza anaondoka, na Microsoft hawakuweka mwingine wa cheo chake. GitHub ikawekwa chini ya kitengo cha CoreAI. Kwa lugha ya mtaa: keyateka ameenda, na ofisi ya lando inayoshughulikia ploti yako sasa ni ile inayouza AI.

Ndio maana malalamiko ya Zig yalishika moto. Zig wana sheria kali kwamba hawataki kazi iliyoandikwa na AI kwenye mradi wao, hata kwa tiketi. Alafu jukwaa lenyewe linamwekea kila mgeni kitufe cha kumwambia Copilot amwandikie tiketi. Hapo mpangaji na lando hawatafuti kitu kimoja tena. Ukijumlisha na ile kesi ya Novemba 2022 ambapo madevelopa walishtaki GitHub, Microsoft na OpenAI mahakamani California wakisema Copilot imefunzwa kwa msimbo wao bila kuheshimu leseni, unaelewa kwa nini kuna watu hawalali.

Sheria ya nani inafika kwa geti lako?

Hii sehemu wasee wa huku huruka, na nadhani ndiyo inatufaa zaidi kuifikiria.

Julai 2019, madevelopa wa Iran, Syria na Crimea waliamka wakapata akaunti zao za GitHub zimewekewa vikwazo. Repo za siri hazifunguki, huduma za kulipia zimezimwa. Hawakuwa wamefanya lolote. GitHub ni kampuni ya Marekani, na sheria za biashara za Marekani zilisema hivyo. Mkurugenzi wa wakati huo, Nat Friedman, alisema hawafurahii lakini lazima wafuate sheria. Iran ilifunguliwa tena Januari 2021, baada ya GitHub kutafuta leseni maalum kutoka kwa serikali ya Marekani. Mwaka mmoja na nusu. Kwa kijana aliyekuwa na mradi wa mteja ndani ya repo ya siri, hiyo ni kazi imekufa.

Oktoba 2020 ilikuwa zamu ya youtube-dl, ile programu ya kupakua video. Chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kilituma barua, GitHub ikaifunga. Baada ya wiki kama tatu hivi, mawakili wa EFF wakaingilia, GitHub ikairudisha na ikatenga dola milioni 1 za kutetea madevelopa kwenye kesi kama hizo. Haki lazima itolewe hapo, na pia kwa kitu kingine: barua za kutaka miradi ifungwe, GitHub huziweka hadharani, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Malando wengi hawafanyi hivyo.

Na Machi 2025 ikawa Organic Maps, apu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti. GitHub iliwafungia mradi kwa sababu zilizohusu vikwazo vya Marekani. Wao hawakungoja sana, wakasimamisha seva yao wenyewe.

Kenya haiko kwenye orodha ya vikwazo. Lakini hata Syria na Crimea kuna watoto walikuwa wakiandika programu za kawaida tu, za duka na za shule. Siasa ya wakubwa haikuulizi unaandika nini.

Alafu kuna sheria ya nyumbani. Mei 2025, developa mmoja wa Nairobi alikamatwa kwa kutengeneza tovuti ya kusaidia wananchi kutuma maoni yao Bungeni kuhusu Mswada wa Fedha. Kutuma barua pepe, basi. Alikaa seli wikendi nzima, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao, na Juni mahakama ikatupa hayo mashtaka ikisema hayaonyeshi kosa lolote. Sisemi jukwaa fulani lingemzuia mtu kukamatwa. Hakuna. Ninachosema ni hiki: mradi wa kiraia ambao funguo zake ziko na mtu mmoja, kwa akaunti moja, kwa laptop moja, unaweza kuzimwa na yeyote anayeweza kumfikia huyo mtu na hiyo laptop. Baada ya Juni 2024 tumeona vijana wengi wakitengeneza vitu vya aina hiyo. Wangapi wamempa mtu wa pili ufunguo?

Sasa mbona wengi bado wako GitHub?

Juu inafanya kazi, na juu watu wako hapo. GitHub ilipita akaunti milioni 100 mwaka wa 2023. Ukiweka mradi wako huko, msee wa Lagos au Bangalore akiona kosa ana akaunti tayari, anarekebisha, anatuma, anaenda zake. Ukiuweka mahali anapoombwa kujisajili upya na kuthibitisha barua pepe, nusu yao watasema "ah, kesho". Mradi mdogo hufa kwa kukosa wageni mapema zaidi kuliko kwa kufukuzwa na lando. Hapo sidanganyi mtu.

Na kuna mkate. Mwajiri wa Nairobi akikuuliza kazi zako ziko wapi, anatarajia linki ya GitHub. Ukimpa ya Codeberg anaweza kukuuliza kama ni kampuni ya vifaa vya ujenzi. Ile mitambo ya Actions pia ni bure kwa miradi iliyo wazi, na kwa mtu asiye na chapaa ya seva hiyo ni zawadi kubwa. Hata miradi yetu yenye heshima iko huko. Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 mtaa ukiwaka baada ya uchaguzi na ikaenda kutumika mpaka Haiti kwa tetemeko la 2010, msimbo wake uko GitHub. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi Eldoret, na ambao KenyaEMR ya kliniki zetu imejengwa juu yake, pia uko GitHub. Hao si mafala. Walipima.

Kwa hivyo nikisikia mtu anamwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kuwa GitHub ni usaliti, naona anamuuzia uoga. Mwanafunzi hana nguvu za kubadilisha barabara, anahitaji kuonekana.

Codeberg ni kitu tofauti. Si kampuni, ni chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin, na kimekuwa na mlango wazi tangu 2019. Wanachama wanalipa ada, wanapiga kura. Hakuna mwenye hisa wa kumridhisha, na hawawezi kuuzwa asubuhi moja kwa bilioni saba. Inaendeshwa na Forgejo, programu huria ambayo wewe mwenyewe unaweza kuisimamisha kwa seva yako, na hapo ndipo ninaipa alama: ukichoka na Codeberg, unahamia Forgejo ingine na sura ni ile ile. Lakini ujue unaingia ploti ya ushirika. Wakati mwingine mtambo unalala. Februari 2025 walivamiwa na wahuni waliowatumia watumiaji jumbe za chuki kupitia arifa. Nguvu za kujaribu programu ni chache, huwezi kupiga kazi nzito kama kwa Actions. Na ni ya programu huria pekee, usipeleke huko apu ya siri ya mteja wako.

GitLab iko katikati. Ni kampuni iliyoingia soko la hisa Oktoba 2021, kwa hivyo ina mabosi wa kuridhisha kama wengine, na 2022 iliripotiwa wanafikiria kufuta miradi ya bure iliyolala mwaka mzima. Kelele zikapigwa, wakarudi nyuma. Faida yao ni kwamba lile toleo la jamii liko wazi, unaweza kuliendesha mwenyewe. GNOME walifanya hivyo 2018, KDE 2020. Debian nao wana lao.

"Basi naweka seva yangu." Sawa sonko. Seva yenyewe si ghali sana siku hizi, lakini nani ataamka saa tisa usiku ikidukuliwa? Nani ataziba mianya kila mwezi? Tena kuna adui mpya: roboti za kampuni za AI zinazopita kila ukurasa wa kila repo kukusanya msimbo wa kufundishia. Mwaka wa 2025 seva za SourceHut zililemewa nazo, GNOME wakalazimika kuweka geti maalum linalomfanya kila mgeni athibitishe kwanza kwamba yeye si roboti. Kama hao wenye watu na uzoefu wametokwa jasho, mbogi ya wanafunzi watatu itaona moto. Ukiwa na shirika au chuo nyuma yako, fanya. Ukiwa peke yako, hapana.

Ningefanya aje?

Mradi mpya, watu wachache, mnatafuta wachangiaji: anza GitHub, lakini kaa kama mpangaji ambaye hajapigilia misumari ukutani. Nakala ya pili weka Codeberg au GitLab, ijisasishe yenyewe kila ukituma kazi. Ni kazi ya dakika chache. Linux wenyewe wako GitHub, lakini ile ni nakala tu ya kuangalia. Kazi halisi inafanyika kwa barua pepe na kwa seva za kernel.org, na Linus hapokei maombi yanayotumwa kupitia GitHub. Lando wa GitHub akiamka vibaya kesho, Linux haitajua.

Nunua jina lako la tovuti. Ukurasa wa mradi, maelezo, mahali pa kupakua, vyote vielekee kwa jina lako na si kwa github.com. Wanaoandika kwa lugha ya Go wanajua uchungu huu, maana anwani ya repo huandikwa ndani ya msimbo wa kila mtu anayekutumia. Ukihama, umevunja nyumba za watu usiowajua. Ukiwa na jina lako, unabadilisha linapoelekea tu na maisha yanaendelea.

Tiketi zipakue. GitHub ina njia ya programu kuzisoma zote, na kuna vyombo vya bure vya kuzihifadhi. Fanya mara moja kwa mwezi. Na yale maamuzi makubwa, yale ya "tulichagua hivi kwa sababu hii," usiyaache kwa mabishano ya tiketi. Yaandike kwa faili ndani ya repo yenyewe. Hapo yatasafiri na Git popote.

Mitambo ya kujaribu, weka kazi yenyewe kwa skripti unayoweza kuendesha hata kwa laptop, alafu Actions iwe tu inaiita. Wanaoweka akili yote ndani ya mafaili ya Actions ndio hulia siku ya kuhama. Na bei inaweza kubadilika: Desemba 2025 GitHub walitangaza kwamba kuanzia Machi 2026 watatoza dola 0.002 kwa dakika kwa repo za siri hata ukitumia mashine yako mwenyewe kuendesha Actions. Watu wakawaka, na haraka sana wakasema wameahirisha.

Wenye funguo wawe wawili au zaidi, wasikae nyumba moja, na kila mmoja awe na uthibitisho wa hatua mbili usiotegemea laini moja ya simu. Laini za simu hubadilishwa na matapeli huku kwetu kila uchao.

Ya mwisho ni doh. Zig walipohama, tiketi hawakuzihamisha. Waliziacha za zamani GitHub, wakaanza kuhesabu mpya Codeberg kutoka 30000 ili namba zisigongane. Hilo walilimaliza kwa ujanja. Iliyowauma ni GitHub Sponsors, ambako wafadhili walikuwa wamezoea kutoa kila mwezi. Huwezi kuhamisha kadi ya mtu. Ilibidi waombe kila mmoja kwa ustaarabu aende ajisajili upya kwingine, kwa Every.org, na wasubiri waone wangapi watafuata. Kama unapokea hata dola tano, anza sasa kuwaonyesha watu wako njia ya pili ya kukutumia.